Kuzikana

Kiswahili chetu kina neno ambalo mgeni akilitafuta katika kamusi ataliona jepesi, nalo ni "kuzikana". Hapa Unguja neno hili lina uzito wake. Watu wakitaka kueleza kwamba ugomvi wa fulani na fulani umefika mwisho wa njia, hawasemi kwamba wamepigana au wameshitakiana. Husema: "Wale hawazikani." Maana yake ni kwamba mmoja akifa leo, mwenziwe hatalishika jeneza lake. Na aliyefika hapo hana pengine pa kwenda.

Wiki hii, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya kusameheana, na nimeona tuanze na neno hilo kwa sababu visiwa hivi vimewahi kufika pahala hapo, si mara moja.

Kwanza tutazame adabu zetu. Ramadhani ikikaribia, watu hupita kwa jirani na jamaa kutakana radhi. Anayekwenda Hija hufanya hivyo hivyo. Na penye maziko, kabla maiti hajatoka, mtu wa familia husimama akasema: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na aliyekosewa naye tunamwombea msamaha. Angalieni mpango wa maneno hayo. Deni hutajwa kwanza, halafu ndipo unapoombwa msamaha. Wazee wetu hawakumwambia mwenye haki yake asahau. Walimpa nafasi ya kusema anadai nini.

Sasa tuitazame historia. Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar ulifanyika Julai 1957, na Hizbu, yaani ZNP, haikupata hata kiti kimoja. Baada ya hapo ndipo zilipoingia zile ambazo wazee mpaka leo huziita "zama za siasa". Watu walisusiana maduka. Wakulima waliokaa katika mashamba ya karafuu walifukuzwa kwa sababu ya chama. Watu waliacha kuhudhuria harusi za wenzao, kisha wakaacha na maziko. Mwaka 1958 umoja wa PAFMECA, uliozaliwa Mwanza mwaka huo huo, ulijaribu kuwapatanisha Hizbu na Afro-Shirazi, ikaundwa Kamati ya Uhuru. Suluhu hiyo haikudumu. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu, na pande mbili zikatoka sare. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na katika ghasia zake watu 68 wakauawa. Miaka miwili na nusu baadaye yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na damu nyingi zaidi ikamwagika.

Hizo ni habari za mjini na za vitabuni. Nilipofika Kiwengwa, katika pwani ya mashariki, nilipenda kujua zama hizo zilipitaje huko. Siku hizi mtu akilitaja jina la Kiwengwa hufikiri mahoteli na Wataliani, lakini nyuma ya mahoteli kuna kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, na kijiji kina kumbukumbu zake. Mzee mmoja nilimkuta akisuka dema. Baada ya shikamoo na marahaba nilimuuliza. Akacheka kidogo.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka. Marehemu baba na ami yangu walikuwa na ngalawa moja. Siasa ilipoingia, huyu akawa chama hiki na yule chama kile. Siku moja ami akamtukana baba mbele yetu sisi watoto wake. Basi ikawa hakuna anayepanda ngalawa na mwenziwe, wala hakuna anayekubali kumwuzia mwenziwe nusu yake. Ngalawa ikakaa mchangani mpaka ikaoza."

Nikamuuliza walipatana vipi. Akasema miaka mingi ilipita, Mapinduzi yakaja, vyama vyote viwili vikaondoka katika maneno yao, lakini mfundo ulibaki. Hata baba yake alipougua, ami alikuja akakaa chini pembeni mwa kitanda, akasema: "Kaka, nimekuja kukutaka radhi kwa maneno niliyokwambia mbele ya watoto wako." Mgonjwa akanyamaza, kisha akajibu: "Maneno nimekusamehe. Na ngalawa je?" Ami akaahidi kulipa, na akalipa, kidogo kidogo, mpaka ikatimia thamani ya nusu ya ngalawa iliyokwisha kuwa kuni. Baba alipofariki, aliyeshuka kaburini kumpokea alikuwa ndugu yake huyo.

Nimelifikiri sana swali lile la mgonjwa. Wako watakaosema huyo hakusamehe, kwani aliyesamehe haulizi ngalawa. Mimi nasema alisamehe kuliko wengi. Alikubali kusema lililokuwa likimuuma, badala ya kusema "yamekwisha" huku moyoni hayajesha. Na ndugu yake aliomba radhi kwa jambo lenye jina. Hakusema "kama nimekukosea". Alisema nimekukosea hivi, na mbele ya fulani.

Kwa mizani hiyo tuzipime suluhu zetu za karibuni. Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa Oktoba 1995 ulitoa asilimia 50.2 kwa Dk. Salmin Amour wa CCM na 49.8 kwa Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Matokeo yalikataliwa, na zama za siasa zikafufuka, zaidi kule Pemba: maduka yakasusiwa, maziko yakasusiwa. Muafaka wa kwanza ulitiwa saini Juni 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, lakini mengi yaliyokubaliwa hayakutekelezwa. Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi, na zaidi ya watu elfu mbili wakakimbilia Shimoni, Kenya. Ukaja Muafaka wa pili, tarehe 10 Oktoba 2001, na kufuatia huo Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ikachunguza mauaji hayo.

Jambo jipya lilitokea tarehe 5 Novemba 2009. Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikuluni ana kwa ana, bila ya msuluhishi kutoka nje. Halafu wananchi wakaulizwa. Katika kura ya maoni ya 31 Julai 2010, asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa amani, na waliokuwa hawasalimiani wakasalimiana. Ama kwa hakika ilikuwa neema.

Lakini uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016 huku CUF wakiususia, na mfundo ukarudi kifuani. Kwa nini? Kwa maoni yangu, tuligawana vyeo kabla hatujatajiana madeni. Viongozi wanaweza kutia saini muafaka, lakini hawana uwezo wa kusamehe kwa niaba ya mjane. Afrika Kusini, katika Tume yake ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Desmond Tutu, mtenda kosa aliyetaka kuachiliwa alitakiwa kwanza aeleze ukweli wote. Nao wana manung'uniko yao hadi leo, hasa kwamba ukweli ulisemwa na fidia ikachelewa. Lakini angalau lililotendeka lilitajwa.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Makunduchi kila Julai katika Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili hupigana kwa magomba hadharani, kisha hula pamoja. Mila ile inafundisha kwamba chuki haiondoki kwa kufichwa. Hutolewa nje, ikaonekana, ikesha.

Maalim Seif alifariki tarehe 17 Februari 2021, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais katika serikali aliyokubali kuingia Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwengine uliomwaga damu. Viongozi wa Serikali na wa upinzani walikuwa pamoja katika maziko yake. Walimzika. Hilo si dogo kwa nchi hii, na tusilidharau.

Ila wako waliofiwa na watoto wao mwaka 1961, 1964, 2001 na baada ya hapo, ambao hajaja mtu kukaa pembeni mwa kitanda chao na kusema: nimekukosea hivi. Wengi wao wanaondoka duniani mmoja mmoja. Wahenga walinena kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni kweli, lakini mganga hagangi jeraha asilolifunua. Aliye na ngalawa ya mwenziwe, naatangulie yeye kubisha hodi, maadamu mwenye nyumba bado yuhai wa kuitikia.