Michezo ya Kompyuta na Sauti za Makombo

Mwaka 2026 unatimiza robo karne tangu mkutano wa michoro ya kompyuta wa SIGGRAPH huko Los Angeles, Agosti 2001, ambako makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba kompyuta inaweza kuzaa sauti ya kitu kwa kukokotoa mtetemo wake, pasipo kukirekodi. Kees van den Doel, Paul Kry na Dinesh Pai walileta kokoto inayobiringika ndani ya karai. James O'Brien, Perry Cook na Georg Essl walikuja na njia yao. Hata hivyo, mchezaji anayeangusha pipa leo, aghalabu husikia pipa lililorekodiwa studio. Tunaambiwa hesabu ni nzito mno. Mimi naona chanzo ni cha zamani zaidi: tangu mwanzo sauti imepewa makombo ya mashine.

Tazama mchezo wa Pong, wa mwaka 1972. Al Alcorn, mhandisi aliyeuunda, amesimulia kwamba mchezo ulipokaribia kukamilika, bosi wake Nolan Bushnell alitaka zisikike shangwe za umati, naye Ted Dabney, mshirika wa Bushnell, akataka mzomeo kwa anayeshindwa. Alcorn hakujua hata pa kuanzia, na sakiti ilikwisha kujaa. Akapekua kijisakiti cha kuongoza picha, akakuta humo milio iliyokuwapo tayari, akaiunganisha. Asiyeridhika, aliwaambia, aitengeneze mwenyewe. Mlio ule maarufu, basi, ulikuwa masalia ya picha. Baadaye zilikuja chipu za sauti, kisha CD, na nafasi ilipopatikana ikajazwa rekodi. Half-Life 2 ya mwaka 2004 ilisifiwa kwa fizikia yake, na kwa haki. Lakini injini iliyojua pigo lilikuwa na nguvu kiasi gani iliutumia ujuzi huo kuchagua tu faili la kucheza.

Hoja ya uzito ina ukweli nusu. Moto, nguo na maji ni shughuli pevu: mwaka 2009 Changxi Zheng na Doug James walikokotoa sauti ya maji kutokana na viputo vyake, kazi isiyoweza kwenda sambamba na mchezo. Kitu kigumu ni habari nyingine. Kikigongwa hutetemeka kwa masafa yake maalumu, kila moja likififia kwa kasi yake. Masafa hayo hukokotolewa mapema, na pigo likitokea kinachobaki ni kujumlisha mawimbi machache. Ile kokoto ya 2001 ililia papo kwa papo kwenye kompyuta za wakati ule. Pingamizi zito zaidi latoka kwa mafundi wa sauti wa filamu, warithi wa Jack Foley: wao huvunja seleri ili tusikie mfupa ukivunjika, kwa kuwa sikio hutaka kinachosadikika kuliko kilicho kweli. Sawa kabisa. Lakini fizikia ya mchezo nayo hupindwa kila siku, magari yakiruka kusikorukika, na hakuna aliyependekeza turudi kwenye picha za mnato. Fundi anayeweza kuchagua seleri anaweza pia kuongeza ugumu wa chuma au kupunguza ufifiaji wake, na kila pigo likalia tofauti kulingana na mahali lilipotua.