Kutembea hadi Namugongo: lini upumzike, upunguze mwendo au upande gari

Kila mwaka, kuelekea mwisho wa Mei, barabara ya Busia, Bugiri, Iganga na Jinja hujaa mahujaji wanaokwenda kwa miguu Namugongo, karibu na Kampala, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Wengine hutoka Tanzania kupitia Mutukula na Masaka. Ukianzia mpaka wowote kati ya hiyo miwili, ni safari ya kilomita 200 hivi, tena msimu wa mvua. Makala hii inaeleza jinsi ya kubadilisha mpango ukiwa njiani, mwili unapoanza kukataa.

Hesabu siku kwa kurudi nyuma

Mtu mwenye afya nzuri ambaye hajazoea safari ndefu apange kilomita 25 kwa siku. Hizo 200 ni siku 8. Ukiondoka Busia tarehe 22 Mei ili ufike tarehe 2 Juni, una siku 12, yaani 4 za akiba. Kikundi kinachopanga siku 8 kamili kinajitafutia matatizo: anayeugua siku ya tatu hana pa kupumzikia, basi anatembea akiwa mgonjwa.

Miguu

Simama mara unapohisi sehemu ya mguu inachoma, kabla ngozi haijavimba. Bandika plasta na ubadilishe soksi zilizolowa. Lengelenge dogo usilipasue. Kubwa linalokuzuia kukanyaga, lioshe kwa maji na sabuni, litoboe ukingoni kwa sindano mpya, toa maji, acha ngozi ya juu mahali pake, kisha funika. Mwenye kisukari asijitoboe, amwone mhudumu wa afya. Ukiona wekundu unaosambaa, usaha, au mtoki kwenye kinena, siku hiyo hutembei. Unakwenda kituo cha afya.

Misuli kuuma miguu yote miwili ni kawaida, na hulegea ukishatembea kidogo. Maumivu ninayoyaogopa ni ya mfupa: mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, kwenye muundi au juu ya wayo, panapozidi kuuma kila siku, hata usiku umelala. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Hapo safari ya miguu imekwisha, panda gari. Usimeze diklofenaki au ibuprofeni ili umalizie siku. Dawa hizo hufunika maumivu yanayokuonya, na mwili ukiwa umepungukiwa maji zinaweza kuumiza figo. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu inaweza kuwa damu iliyoganda.

Jua, maji na homa

Anza kutembea alfajiri, na jua likiwa kali kaa kivulini. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa kunywa. Lakini kunywa maji matupu kwa wingi bila kula nako kuna hatari, kwani chumvi ya mwili hupungua. Kula chakula chenye chumvi. Ukiharisha, tumia ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Ikikosekana, weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja.

Mwenzako akianza kuongea mambo yasiyoeleweka au kuyumba kwenye jua, usimsubiri apate nafuu. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na mtafute gari la kwenda hospitali.

Homa ni ya kupima, si ya kukisia, kwa kuwa njia hii inapita maeneo yenye malaria nyingi. Ukikutwa nayo, maliza dozi na usitembee hadi homa iishe na hamu ya kula irudi. Siku za akiba ni za kazi hiyo. Mjamzito mwenye homa aende hospitali siku hiyohiyo.

Kama una kisukari au presha

Pita kliniki kabla ya kuondoka, si siku ya kuondoka. Kutembea kutwa hushusha sukari, kwa hiyo anayetumia insulini au glibenklamidi huenda akahitaji kubadilishiwa dozi, usijipunguzie mwenyewe. Beba sukari au soda mfukoni, wala si kwenye begi lililotangulia na gari. Anayetumia dawa za presha zinazokojoza aulize afanye nini akiharisha. Beba dawa za siku za akiba pia.

Na nadhiri je?

Wengi hukataa gari kwa sababu waliahidi kutembea. Sipuuzi hilo. Kwa Wakatoliki, sheria za Kanisa zinampa paroko mamlaka ya kukuondolea nadhiri binafsi kukiwa na sababu ya haki, na wewe mwenyewe unaweza kuibadilisha kwa jambo jema lililo sawa nayo au bora zaidi. Zungumza naye kabla ya safari, ili usije ukalitatua suala hilo kando ya barabara ukiwa na homa.

Kupanda gari si lazima kuwe kwa safari yote. Iganga hadi Jinja ni kama kilomita 40. Ukizipita kwa gari na kulala Jinja siku mbili, unaweza kuungana na wenzako na kuendelea. Anayebaki nyuma asiachwe peke yake: abaki na mtu mmoja, simu yenye chaji, nauli, na jina la parokia mtakayokutana.