Mzio wa ngozi, upimaji wake katika bidhaa za nyumbani

Upimaji huu huchunguza kama kemikali iliyomo kwenye sabuni, rangi ya nywele au dawa ya mbu inaweza kuuzoesha mwili kuikataa. Bonde la Kilombero, nchini Tanzania, linaonyesha kwa nini mazoea ya watumiaji hayawezi kuchukua nafasi yake. Miaka ya 1990 mradi wa KINET uliuza huko, wilayani Kilombero na Ulanga, vyandarua na dawa ya kuvichovya kwa jina la Zuia Mbu. Matumizi ya vyandarua hivyo yalihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wadogo. Dawa za aina hiyo, pairethroidi, zilichanganywa na maji kwenye beseni, na aliyechovya bila glavu aliweza kuhisi ngozi ikichonyota. Huo si mzio: neva zimechokozwa tu, na kwa kawaida hali hutulia ndani ya siku moja. Mzio wenyewe huanza kimyakimya. Kemikali hunasa kwenye protini za ngozi, seli za kinga hupeleka habari kwenye mitoki, na upele hutokea mtu akiigusa tena baada ya siku kadhaa au hata miaka. Kwa hiyo anayesema "nimeipaka, sikuwashwa" hajathibitisha lolote.

Zamani katika upimaji walitumika simbilisi, kisha panya, ambao mitoki yao hupimwa kuona kama seli zinazaliana. Mwaka 2021 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, lilitoa mwongozo unaounganisha vipimo visivyohitaji mnyama: kimoja hutazama kama kemikali inashika vipande vya protini, vingine kama seli za ngozi na za kinga zinashtuka.

Wapo watakaosema malaria huua na upele hauui. Kweli, lakini aliyevimba mikono aliweza kuacha dawa, na chandarua cha enzi hizo kisichochovywa tena kilipungua nguvu. Hoja nzito zaidi ni kwamba maabara za mbali hazijui joto na jasho la bonde hilo. Hata hivyo, uwezo wa molekuli kunasa kwenye protini haubadiliki kwa kuvuka bahari; kinachobadilika ni kiasi kinachofika kwenye ngozi na muda kinaokaa hapo, na hayo lazima yapimwe bondeni. Lakini vipimo pekee havitoshi: parafenilinidiamini, inayotiwa kwenye piko na rangi nyeusi za nywele, inajulikana siku nyingi kuwa chanzo kikali cha mzio, ila bado inapakwa moja kwa moja kwenye mikono ya maharusi. Huko tatizo si upungufu wa vipimo, ni pakiti isiyotaja kilichomo.