Jinsi maombi ya fedha za utafiti yanavyopigwa msasa

MTAFITI anayeomba fedha za utafiti aghalabu hajui ombi lake litasomwa na nani, wala ni kipi kitakacholiangusha. Hata hivyo, utaratibu wenyewe si siri.

Mfano mzuri ni Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, maarufu kama NIH, ambazo kwa miaka mingi zimefadhili pia utafiti wa tiba nchini Kenya. Huko, ombi hupitia ngazi mbili.

Ngazi ya kwanza ni jopo la wanasayansi wa fani husika, wengi wao wahadhiri na watafiti wasioajiriwa na serikali. Kila ombi hukabidhiwa wahakiki wachache, kwa kawaida watatu, ambao huandika maoni yao kabla ya kikao. Mwanajopo anayefanya kazi na mwombaji hutakiwa kutoka nje ombi hilo likijadiliwa.

Tangu Januari 2025, maombi mengi hupimwa kwa mambo matatu: umuhimu wa utafiti, uthabiti wa mbinu na uwezekano wa kazi kukamilika, na ujuzi wa watafiti pamoja na vifaa vyao. Mawili ya kwanza hupewa alama. La tatu huamuliwa tu iwapo linatosheleza au la, ili vyuo vyenye majina makubwa visipendelewe.

Alama ni kuanzia 1 hadi 9 na, kinyume na mitihani ya shuleni, iliyo ndogo ndiyo bora. Maombi yanayoonekana dhaifu, ambayo huweza kufikia nusu, hayajadiliwi kikaoni. Kwa yanayosalia, kila mwanajopo hutoa alama yake, kisha wastani huzidishwa kwa 10. Hivyo ombi bora kabisa hupata 10 na lililo duni zaidi 90.

Katika ngazi ya pili, baraza la ushauri la taasisi husika hupitia mapendekezo ya jopo. Mkurugenzi wa taasisi ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Mizani hii ina kasoro zake. Utafiti uliochapishwa 2018 uliwapa wahakiki 43 maombi 25 yaliyokuwa yamewasilishwa kwa NIH, ikabainika kwamba waliosoma ombi moja hawakuafikiana kuhusu ubora wake. Naye Katalin Karikó alinyimwa fedha mara kadhaa katika miaka ya 1990 kwa kazi yake kuhusu mRNA. Kazi hiyo ilisaidia kupatikana kwa chanjo za Covid-19, na mwaka wa 2023 akatuzwa Nobel ya tiba pamoja na Drew Weissman.

Kwa hivyo, anayekataliwa asikate tamaa. Mwombaji hupewa maoni ya wahakiki kwa maandishi, na kwa kawaida huruhusiwa kulirekebisha ombi na kuliwasilisha upya. Maoni hayo ndiyo mwongozo wake wa kwanza anapoketi kuandika tena.