Resini za maji: cheti kikisema 5.0, uliza ilipimwaje

Resini ya kulainisha maji ni punje ndogo za polima. Hushika kalisiamu na kuachia sodiamu, ili boila za viwandani zisishike ukoko. Kwenye forodha, namba yake ya HS ni 3914.

Punje hizo kwa kawaida ni polistaireni iliyopikwa na asidi ya salfuriki ili ipachikwe vikundi vyenye salfa. Vikundi hivyo ndivyo bidhaa unayolipia. Vingine ni plastiki na maji. Kila kiungo cha polistaireni kikipata kikundi kimoja, gramu moja kavu huwa na takriban miliekwivalenti 5.4. Cheti cha resini ya aina hii kikidai 6, usitie sahihi.

Wapimaji hawana njia moja. Iliyozoeleka ni kuloweka resini yenye hali ya asidi katika maji ya chumvi, kisha kupima asidi inayotoka kwa kudondoshea kostiki soda. Hapo vinahesabiwa vikundi vinavyofikika tu, yaani vitakavyofanya kazi kwa mteja. Njia ya pili hupima salfa yote. Hii huweza kutoa namba kubwa zaidi, kwa sababu inahesabu pia asidi isiyosuuzwa na salfa iliyounganisha minyororo bila kufanya kazi yoyote. Muuzaji mjanja ataipenda. Mashine za NMR hufaa zaidi kwa polima zinazoyeyuka, kama baadhi ya zile za utando wa seli za mafuta. Punje za resini haziyeyuki.

Hata njia ikiwa moja, uzito hudanganya. Resini yenye 5.0 kwa gramu katika hali ya asidi ikigeuzwa kuwa ya sodiamu huongezeka uzito, na namba hushuka hadi 4.5. Ni mali ileile. Isitoshe, karibu nusu ya uzito wa mfuko inaweza kuwa maji. Kwa hiyo linganisheni bei kwa uwezo wa lita moja ya resini mbichi. Nyingi za kawaida zenye hali ya sodiamu huwa karibu ekwivalenti 2 kwa lita.

Kwa wasafirishaji: mfuko usitoboke. Resini iliyokauka ikimwagiwa maji ghafla huvimba na kupasuka, hivyo hulowekwa kwanza katika maji ya chumvi.