Urejeshaji wa kabureta za pikipiki za zamani

Urejeshaji wa kabureta za pikipiki za zamani ni kazi ya kufungua, kusafisha na kurekebisha kabureta zilizokaa muda mrefu bila kutumika, ili injini iwake na kwenda kama ilivyotoka kiwandani. Mara nyingi kazi hii ndiyo inayoamua kama pikipiki iliyokaa stoo kwa miaka mingi itatembea tena. Ugumu wake unatokana na udogo wa matundu ya kabureta: tundu likiziba au likipanuliwa hata kidogo, injini hupata petroli kwa kiasi kisicho sahihi.

Kabureta na kazi yake

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Hewa inapopita mahali pembamba pa koo la kabureta, kasi yake huongezeka na shinikizo lake hupungua. Tofauti hiyo ya shinikizo huvuta petroli kutoka kwenye bakuli lililo chini ya kabureta.

Ndani ya bakuli kuna boya linalopanda na kushuka pamoja na petroli. Bakuli likijaa, boya husukuma sindano inayofunga njia ya kuingizia mafuta. Petroli hutoka bakulini kupitia jeti, yaani vipande vidogo vyenye tundu lililopimwa, ambavyo kwa kawaida hutengenezwa kwa aloi ya shaba na zinki. Jeti kuu hutoa petroli injini inapofanya kazi kwa nguvu. Jeti ndogo hutoa petroli injini inapozunguka polepole bila kuongezwa mafuta, hali ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita silensa.

Mfano wa Honda CB750

Honda CB750, iliyoingia sokoni mwaka 1969, ni kati ya pikipiki za zamani zinazofufuliwa sana na wapenzi wa vyombo hivyo. Injini yake ya sentimita za ujazo 736 ina silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja, na kila silinda ina kabureta yake iliyotengenezwa na Keihin, yenye koo la milimita 28. Katika pikipiki za mwanzo, kebo moja kutoka kwenye mkono wa mafuta iligawanyika kuwa nne, moja kwa kila kabureta. Baadaye kabureta ziliunganishwa kwa vyuma ili zifunguke kwa pamoja.

Kwa kuwa kabureta ni nne, kasoro ya moja tu huonekana katika injini nzima: silinda moja hukosa kuwaka vizuri, mlio hubadilika na nguvu hupungua.

Sababu za uharibifu

Adui mkubwa wa kabureta iliyotelekezwa ni petroli iliyoachwa ndani. Sehemu nyepesi za petroli huvukiza na kuacha utando wa kahawia unaonata kama gundi. Utando huo huziba kwanza jeti ya silensa, kwa sababu ndiyo yenye tundu dogo zaidi. Kwenye CB750 jeti hiyo ina namba 40, na tundu lake halifiki nusu milimita.

Petroli iliyochanganywa na ethanoli huvuta unyevu wa hewa. Maji yakikusanyika chini ya bakuli, metali huota kutu nyeupe. Gasketi na oringi nazo hukauka na kupasuka. Mipira inayounganisha kabureta na injini hukakamaa, ikaruhusu hewa kuingia pasipotakiwa.

Hatua za kazi

1. Tangi husafishwa kwanza. Kutu ya tangi ikiachwa itaziba tena jeti zilizokwisha kusafishwa.
2. Kabureta hutolewa na kupigwa picha kabla ya kufunguliwa. Vipuri vya kila moja huwekwa peke yake bila kuchanganywa.
3. Skrubu hulegezwa kwa bisibisi inayolingana nazo. Skrubu za Kijapani zina umbo la msalaba linalotofautiana kidogo na lile la kawaida, hivyo bisibisi isiyofaa huharibu vichwa vyake.
4. Vipande vya mpira na plastiki huondolewa, kisha metali husafishwa kwa dawa ya kabureta au mashine ya mawimbi ya sauti. Kila njia hupulizwa kwa hewa ya kompresa.
5. Jeti hukaguliwa kwa kuangaliwa dhidi ya mwanga. Hazichokolewi kwa waya wa chuma, kwani waya hupanua tundu na kubadilisha kipimo chake.
6. Gasketi, oringi na sindano zilizolika hubadilishwa. Jeti za asili zikiwa nzima huachwa, kwa kuwa vipimo vya baadhi ya vipuri vya bei nafuu havilingani na vya kiwanda.
7. Kimo cha boya hupimwa. Kwa CB750 za mwanzo kipimo ni milimita 26.

Ulinganishaji

Kabureta zikisharudishwa, hulinganishwa ili zote zipitishe hewa kwa kiasi kilekile. Geji za ombwe hufungwa kwenye njia ya hewa ya kila silinda, injini huwashwa na kupata joto, kisha kila kabureta hurekebishwa mpaka geji zote zisome karibu sawa. Kabla ya hapo vali na moto wa plagi huwekwa sawa, kwa sababu kasoro zake hufanana na za kabureta.

Hatari za kazi isiyokamilika

Petroli ikiwa kidogo mno katika mchanganyiko, injini hupata joto kupita kiasi na pistoni inaweza kutoboka. Sindano isiyofunga husababisha petroli kumwagika juu ya injini yenye joto na kuleta moto, au kuingia ndani na kuharibu oili. Kazi hii hufanywa mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto na cheche.

Afrika Mashariki

Bodaboda nyingi za Afrika Mashariki zina injini ya silinda moja na kabureta moja, kwa hiyo hazihitaji ulinganishaji. Kanuni nyingine ni zilezile, na kuosha kabureta ni kazi ya kawaida kwa mafundi wa pikipiki.

Kuzuia uharibifu

Pikipiki itakayokaa miezi mingi hufungiwa koki ya tangi, na mabakuli ya kabureta humwagwa petroli yote. Kazi hiyo ya dakika chache huzuia sehemu kubwa ya uharibifu ulioelezwa hapa.