Fakture ya maji na umeme wakati kuko mgonjwa wa kudumu nyumbani: milango ya kubisha hapa Kasha

Hapa redioni kuko swali linalorudi kila mara tunapozungumza juu ya sukari, tansio ao SS. Mgonjwa anakunywa dawa kila siku, na nyuma ya dawa kunakuja fakture ya REGIDESO na ile ya SNEL. Franga ni zile zile. Ukinunua dawa, umeme unakatwa. Ukilipa umeme, dawa inaisha mbele ya mwezi kwisha. Nani anaweza kusaidia?

Jibu tunalitoa toka mwanzo, ili mtu asipoteze siku na nauli ya pikipiki. Bei ya maji na ya umeme kwetu inaangalia aina ya mteja na matumizi yake. Haiangalii ugonjwa. Ukifika ajensi na kusema tu "niko na sukari", fakture haitashuka. Lakini kuko milango mingine, na kila mmoja unaondoa kipande cha mzigo. Mtu anayebisha mitatu ao mine kwa wakati wake, mara nyingi anafika mwisho wa mwezi na taa, maji na dawa. Anayengoja mpaka waya ukatwe anakuwa na deni, gharama ya kurudishiwa, na mgonjwa kwenye giza.

SHERIA INASEMA NINI

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 48, inasema kama haki ya kupata maji safi ya kunywa na nguvu ya umeme inahakikishwa. Kifungu cha 49 kinawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Nyuma yake kulikuja sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 juu ya umeme, sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya maji, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu.

Haki hizi hazimaanishi kama maji na umeme ni bure. Zinakupa nguvu ya kuongea kama mteja mwenye heshima, si kama mtu anayeomba sadaka. Ile sheria ya umeme ndiyo ilileta pia ARE, mamlaka ya leta inayosimamia sekta ya umeme na inayoweza kupokea malalamiko ya wateja. Makao yake ni Kinshasa. Basi kwa mtu wa Kasha mlango wa kwanza unabaki ajensi ya hapa Bukavu, na ARE inakuja baadaye, wakati uko na barua zako na hazikujibiwa.

Wenye ndugu Ulaya watasikia kama kule mambo ni tofauti. Ufaransa, kwa mfano, wagonjwa wanaoishi kwa mashine ya kupumulia nyumbani wanaandikishwa kwenye orodha, na wanaonywa mbele umeme ukitaka kukatwa kwa kazi. Karibu na sisi, Uganda na Kenya wako na bei ndogo kwa nyumba inayotumia umeme kidogo: Uganda ni kwa yuniti 15 za kwanza za mwezi, na Kenya, tangu Aprili 2023, ni kwa nyumba isiyopita yuniti 30. Hata huko wanaangalia matumizi, si ugonjwa. Ndiyo maana kazi ya kwanza nyumbani ni kujua mnatumia ngapi.

SOMA FAKTURE MBELE YA KULIPA

Angalia jambo moja: unalipa kwa kontere ao kwa forfe? Kwenye kontere, unalipa namba. Kwenye forfe, unalipa kiasi kilichopangwa, hata kama mwezi mzima delestaji ilikuacha na mshumaa. Mgonjwa anaumia zaidi kwenye forfe, maana anaweza kulipa umeme ambao hakuupata. Kama uko kwenye forfe, omba kontere kwa barua. Wakati unangoja, andika kwenye daftari siku na saa umeme unapokuja na unapoondoka. Daftari la miezi miwili linaongea vizuri kuliko kelele mbele ya gishe.

Kwa maji, namba ya fakture ni metre kibe. Metre kibe moja ni lita 1,000, ni kusema bidoni 50 za lita 20. Familia ya watu sita ikitumia lita 15 kwa mtu kwa siku, kile kiasi kidogo ambacho mashirika ya msaada wanachukua kama kipimo cha chini, inafika lita 90 kwa siku, karibu metre kibe 2.7 kwa mwezi. Fakture ikionyesha metre kibe 20 kwa familia hiyo, kuko kitu: bomba linavuja, jirani anachota, ao namba imesomwa vibaya. Funga robine zote usiku na uangalie kontere asubuhi. Kama imetembea, maji yanapotea.

Kwa umeme, kipimo ni kilowati-saa. Pasi ya wati 1,000 inakula moja kwa saa moja. Balbu ya LED ya wati 9 inahitaji zaidi ya saa 100 kufika hapo. Mashine ya oksijeni ya wati 350 ikitembea mchana na usiku, inakula 8.4 kwa siku, karibu 250 kwa mwezi. Mgonjwa akirudishwa nyumbani na mashine kama hiyo, hesabu hiyo ifanywe na munganga mbele ya kutoka hospitali, si nyuma.

NENDA AJENSI MBELE YA KUKATIWA

Deni la mwezi mmoja linazungumzika. La miezi sita ni vita. Ukiona mwezi huu hautafika, fanya hivi:

1. Omba kwa munganga karatasi inayosema mgonjwa anatunzwa kwa ugonjwa wa kudumu. Si lazima jina la ugonjwa liandikwe. Inatosha iandikwe kama anahitaji umeme ao maji kwa matunzo. Mtu anayeishi na virusi vya ukimwi asilazimishwe kutoa siri yake kwenye gishe.

2. Andika barua fupi kwa mkuu wa ajensi: jina la mteja, namba yake, avenyu, deni ni ngapi, na unaweza kulipa kiasi gani na tarehe gani. Usiandike "nisaidieni" peke yake. Andika "naomba kulipa deni hili kwa mara tatu". Mkuu wa ajensi anaweza kukubali mpango wa kulipa kidogo kidogo. Kufuta deni si rahisi kwake.

3. Peleka kopi mbili. Moja inabaki, nyingine irudi nyumbani na muhuri wa kupokea.

4. Lipa kile ulichoahidi, hata kama ni kidogo, na ulinde risiti. Usimpe ajenti franga mkononi bila risiti, hata akisema atakupangia. Tangu Februari 2025, wakati AFC/M23 ilichukua mji na mabenki yakafunga, wengi walibadilisha njia ya kulipa. Basi uliza kwanza ajensini wapi malipo yanapokelewa.

Kwa wenye Cash Power, deni halikui kwa sababu unanunua mbele. Lakini usingoje izime usiku wa mgonjwa. Lindeni kiasi kidogo ambacho hakiguswi.

KAMA UNAPANGA KWENYE PARSELE

Wengi wetu Kasha hatuna fakture kwa jina letu. Kontere ni moja, mwenye nyumba anagawa, na familia tano zinalipa sawa sawa. Hapo mama anayewasha balbu mbili analipa sawa na jirani mwenye reshou na frigo ya kuuzisha vya baridi.

Omba kikao cha parsele, mwite na shefu wa avenyu kama shahidi. Pendekeza kugawa kwa vyombo: kila balbu, televizio, frigo, reshou na pasi vina hesabu yake. Dada ao kaka mwenye mgonjwa asione haya kuongea mbele ya wengine. Mara nyingi majirani wanajua mzigo wake, wanangoja tu mtu aweke jambo mezani. Mkubaliane pia kama mmoja asipolipa, nyumba ya mgonjwa isikatwe pamoja naye bila kuonywa.

Na neno moja la usalama: kuvuta waya kwa siri si msaada. Nyumba zetu nyingi ni za mbao na zimeshikana. Cheche moja inachoma avenyu nzima, na mgonjwa asiyeweza kukimbia ndiye anabaki ndani.

PUNGUZA UPANDE WA DAWA ILI FAKTURE ILIPWE

Hii ni njia ambayo wengi wanasahau. Ukikosa mtu wa kulipa fakture, pengine utapata anayepunguza gharama ya matunzo, na franga zinazobaki zinalipa maji.

Dawa za ukimwi na za kifua kikuu zinatolewa bure kwenye programu za leta. Ukiombwa franga za dawa zenyewe, uliza kwa mkubwa wa kituo ao kwenye ofisi ya zone de santé ya Bagira.

Mutuelle za afya ziko Bukavu tangu miaka mingi, na zingine zimesaidiwa na BDOM, ofisi ya matunzo ya dayosezi ya Kikatoliki. Mbele ya kuingia, uliza maulizo manne: nalipa ngapi kwa mtu kwa mwaka? Nangoja muda gani mbele ya kuanza kutunzwa? Ugonjwa wa kudumu unaingia ndani? Dawa za kila mwezi ziko ndani ao ni kulazwa tu? Ingieni familia nzima wakati bado mko na nguvu, si siku ya kulazwa.

Kwa yule ambaye hana kitu kabisa, kuko hati ya indijansi, ile karatasi ya huduma ya Afere Sosiale inayosema mtu hana uwezo. Anza kwa shefu wa avenyu, kisha kartiye, kisha ofisi ya komine ya Bagira. Hati hiyo haifuti fakture ya umeme. Lakini inasaidia hospitalini, inasaidia kwa Caritas ya parokia, na ukiiweka pamoja na barua yako ya ajensi, inaonyesha kama hausemi uongo.

SANDUKU JEKUNDU

Kwa fakture yenyewe, msaada wa haraka zaidi kwetu hautoki ofisini. Unatoka kwa wenzetu. MUSO, zile mutuelle za mshikamano zinazokutana kila juma ao kila mwezi, mara nyingi ziko na masanduku matatu. La kijani ni la mikopo. La bluu ni la franga zinazotoka inje. Jekundu ni la shida: ugonjwa, kilio, ajali. Franga za sanduku jekundu kwa kawaida hazirudishwi.

Kwenye MUSO nyingi, jekundu linafunguliwa wakati mtu amelazwa. Ugonjwa wa kudumu hauonekani, maana mgonjwa anatembea, anakuja kwenye mkutano, anacheka. Basi wanamemba waandike kwenye kanuni yao kama mwenye mgonjwa wa kudumu anaweza kusaidiwa mara moja ao mbili kwa mwaka kwa maji ao umeme. Hii inaamuliwa na wenyewe, siku ya mkutano, bila kungoja Kinshasa. Kwenye kirimba, ambako hakuna sanduku la shida, omba kubadilishana zamu ili upokee mwezi ule deni ni kubwa.

UGONJWA USITEGEMEE UMEME KULIKO INAVYOHITAJIKA

Wengine wanalipa frigo mwezi mzima juu ya chupa moja ya insulini. Insulini ambayo bado haijafunguliwa inahitaji baridi ya digri 2 mpaka 8. Lakini chupa inayotumika inaweza kukaa inje ya frigo karibu majuma manne, mbali na jua na moto wa mbabula. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotoka Februari 2021 nyuma ya kupima joto la nyumba kwenye kambi ya Dagahaley kule Kenya, ulionyesha kama insulini ilishika nguvu yake majuma manne katika joto la digri 25 mpaka 37. Bukavu ni baridi kuliko Dagahaley. Uliza kituo cha afya kama chupa zingine zinaweza kulala kwenye frigo yao, na wewe uchukue moja moja. Chungu cha udongo chenye maji kinasaidia pia, ila chupa isiloane.

Mwenye asima anaweza kutumia pompi ya mkononi na chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kwenye kitako, kuliko mashine ya umeme. Munganga amwonyeshe kwanza.

Kwa maji, hapo hapana kupunguza. Mtoto wa SS akikosa maji ya kunywa, maumivu yanaanza. REGIDESO ikikatika na mkichota kwenye chemchem ao ziwani, maji ya mgonjwa yachemshwe ao yatiwe dawa, maana kolera haijatoka kwetu. Lindeni bidoni mbili za akiba zilizofunikwa, ziandikwe jina lake.

Juma hili, kama kuko mgonjwa kwako, anza na mambo matatu tu: soma namba ya kontere, omba karatasi ya munganga, na weka neno la sanduku jekundu kwenye mkutano wenu. Barua ya ajensi itafuata. Na itaandikwa vizuri zaidi wakati taa bado inawaka.